KUACHA KAZI NZITO KWA SABABU YA MARADHI YA MISHIPA YA FAHAMU
(Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wananchi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo katika ofisi zetu huzungumzwa kwa kunong'ona. Nalo ni hali ya mtumishi wa kazi za mikono anayepatwa na maradhi yasiyoonekana kwa macho, akafika pahala pa kujiuliza usiku akiwa peke yake: niendelee au niache? Maradhi niliyoyakusudia ni yale ambayo madaktari huyaita maltipo sklerosisi. Hatuna jina letu la asili kwa maradhi hayo, na mimi sitalitunga leo.

Kabla sijaendelea, sina budi kukiri jambo moja. Miaka mingi iliyopita jirani yangu mmoja, mwashi aliyeajiriwa katika idara moja ya Serikali, alinijia nyumbani baada ya sala ya isha akiwa na karatasi tupu na kalamu. Alikuwa hajafika miaka arubaini. Aliniambia kwamba miguu yake ilikuwa ikifa ganzi kila ifikapo saa nne za asubuhi, kwamba jicho lake moja liliwahi kuingia ukungu kwa wiki tatu kisha likafunguka lenyewe, na kwamba siku hizo akiangalia timazi aliiona mbili. Wenzake walikuwa wameanza kusema kwamba anayumba juu ya jukwaa kama mlevi, naye ni mtu asiyejua hata harufu ya tembo. Hakutaka maneno yale yawafikie wanawe. Akaniomba nimuandikie barua ya kuacha kazi.

Nilimuandikia. Kwa kuwa kalamu ndiyo kazi yangu, niliiandika vizuri, na nikaweka yale maneno ambayo sote tumezowea kuyaweka, kwamba anaomba kuacha kazi kwa hiari yake "kwa sababu zake binafsi". Nasikia mkubwa wake aliisifu barua ile. Ulipita mwaka na zaidi ndipo alipofikishwa katika hospitali moja ya Bara, akapigwa picha ya ubongo na uti wa mgongo, akaambiwa anachoumwa. Wakati huo jalada lake lilikwisha fungwa. Kila ofisi aliyokwenda kuuliza haki ya mtu aliyeacha kazi kwa ugonjwa, walimfungulia jalada wakamsomea maneno yale, yaani maneno yangu.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo sababu sikukataa nilipotakiwa kusimama hapa.

Sasa tuyaangalie maradhi yenyewe. Mishipa ya fahamu ni mfano wa nyaya za umeme. Kila waya una ganda lake linalouzuia umeme usipotee njiani, na mishipa yetu pia imevikwa ganda la mafuta ambalo hufanya amri za ubongo zifike haraka kwenye mkono, mguu na jicho. Katika maradhi haya, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea ikalishambulia ganda hilo. Penye mashambulizi hubaki kovu, na kwa kuwa makovu huwa mengi na huwa pahala mbalimbali, dalili za mgonjwa mmoja hazifanani na za mwenziwe. Mmoja huanzia jichoni, mwengine miguuni, mwengine katika kibofu cha mkojo. Daktari wa Kifaransa, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyeyaeleza maradhi haya kwa ukamilifu mwaka 1868 na kuyatenga na maradhi mengine ya kutetemeka.

Mara nyingi huanza baina ya miaka 20 na 40, umri ambao mtu ndiyo kwanza anajenga na kusomesha. Wanawake hupatwa zaidi, kiasi cha mara mbili ya wanaume au kupita. Hesabu iliyokusanywa na shirika la kimataifa la maradhi hayo mwaka 2020 ilionesha watu milioni 2.8 duniani. Wengi wao wako katika nchi za baridi, na kwetu maradhi haya ni machache. Lakini uchache huo una madhara yake pia, kwani maradhi yasiyotazamiwa hayatafutwi, na mtu huweza kuzunguka miaka baina ya dawa za baridi yabisi na kombe la mganga.

Inafaa ieleweke kwamba maradhi haya hayaambukizi. Haupo ushahidi wowote kwamba huletwa na kazi nzito, wala kwa kubeba matofali, wala kwa kulala sakafuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, ulionesha kwamba yanahusiana sana na kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Kirusi hicho takriban sote tunakipata katika maisha yetu, na ni wachache mno kati yetu wanaougua. Kwa hivyo asiwepo mtu wa kumuuliza mgonjwa amefanya nini hata yakampata.

Kwa watu walio wengi, mwanzoni, maradhi huja na kuondoka. Shambulio huchukua siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha mwili hurudi, pengine kikamilifu, pengine ukiwa umeacha kitu nyuma. Hapo ndipo fitina inapoingia kazini. Jumatatu mtu hawezi kunyanyua ndoo ya zege, na mwezi wa pili yake anaonekana anacheza bao barazani akicheka. Watu husema anajifanya. Nao uchovu wa maradhi haya si kama uchovu wetu mimi na wewe unaoondoka kwa kulala. Mgonjwa huamka asubuhi yu mzima, na ikifika adhuhuri miguu ni kama anaing'oa kwenye tope la mikoko.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ni Jacqueline du Pré, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa chelo duniani. Chelo ni ala kubwa ya nyuzi, ya jamii ya fidla, inayopigwa kwa upinde, na mpigaji huifanyia kazi kwa mabega, mikono na vidole vyote. Vidole vyake vilipoanza kupoteza hisia mnamo mwaka 1971, dalili zake zilichukuliwa kuwa ni wahka na shida za moyo. Februari 1973 alipanda jukwaani New York akiwa hausikii uzito wa upinde mkononi mwake. Maradhi yalitambuliwa mwezi wa Oktoba mwaka ule, naye alikuwa na umri wa miaka 28. Hakupiga tena mbele ya watu, lakini aliendelea kufundisha kwa miaka. Alifariki mwaka 1987. Ikiwa mtu wa daraja lile, katika mji wenye madaktari tele, aliambiwa ni moyo tu, basi mwashi wetu tusimshangae kwa kunyamaza.

Kuna jambo la joto, na sisi watu wa visiwa hili linatuhusu kuliko hao wa nchi za baridi. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao uoni wao ulififia kila walipojitaabisha kwa mwendo au kazi. Baadaye ikafahamika kwamba sababu yake ni kupanda kwa joto la mwili. Mshipa uliopoteza ganda lake hufanya kazi kwa shida, na joto likizidi kidogo tu hushindwa kabisa kupitisha amri. Kabla ya kupatikana mashine za picha, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakimtia mgonjwa katika birika la maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. Sasa mfikirieni mtu wa maradhi hayo akiwa juu ya paa la bati saa sita za mchana katika miezi ya kaskazi. Yeye hana haja ya birika.

La kutuliza ni kwamba mwili ukipoa dalili hizo huondoka, na joto lenyewe halimzidishii mgonjwa makovu. Hivyo basi, mtu anayeshindwa kazi saa sita si lazima awe ameshindwa kazi saa kumi na mbili za asubuhi. Mkuu wa kazi mwenye kulijua hili anaweza kumuokoa mtumishi wake kwa kubadilisha saa tu, pamoja na kivuli, maji ya kunywa, na kitambaa kilichotiwa maji shingoni.

Ndugu wananchi, zamani ushauri wa madaktari ulikuwa ni mmoja: acha kila kitu, pumzika. Ushauri huo alipewa Jimmie Heuga, Mmarekani wa California, mtu wa mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Mwaka 1964 katika Olimpiki ya Innsbruck, yeye na mwenziwe Billy Kidd walikuwa wanaume wa kwanza wa Marekani kupata medali katika mbio za kuteremka milima kwa mchezo huo. Kidd ya fedha, yeye ya shaba. Mwaka 1970 akatambuliwa kuwa na maradhi haya, akatakiwa ajiepushe na kila kinachochosha mwili. Alitii kwa miaka kadhaa, na kila alivyozidi kukaa ndivyo alivyozidi kudhoofika, mwili na moyo. Hatimaye akajipangia mwenyewe mazoezi ya baiskeli, ya kuogelea na ya kunyoosha viungo, kidogo kidogo, kwa kipimo. Hakupona, kwani maradhi haya hayana dawa ya kuyaondoa. Lakini alipata nguvu kuliko alizokuwa nazo, na mwaka 1984 akaanzisha kituo huko Colorado kuwafundisha wengine njia hiyo. Aliishi na maradhi yake miaka 40 hadi alipofariki mwaka 2010. Leo madaktari wanakubaliana naye kwamba mazoezi ya kiasi hayazidishi maradhi, na kukaa kitako ndiko kunakodhuru.

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi. Mtu akiacha kazi nzito kisha akaingia ndani akajifungia, amejiongezea ugonjwa wa pili. Jirani yangu alikaa barazani miaka miwili akiwaona wenziwe wanapita na miko na pima zao.

Huenda mkauliza: je, mtu aendelee mpaka lini? Yupo Josh Harding, raia wa Canada, aliyekuwa mlinda mlango wa timu ya Minnesota Wild katika ligi kuu ya magongo ya barafuni. (Mchezo wenyewe wengi wetu hatujauona. Mlinda mlango huvaa mavazi mazito ya kujikinga, hutoka jasho kama aliyemo ndani ya tanuri ingawa yuko juu ya barafu, na mpira hutumika wa bapa, mgumu, unaokwenda kwa kasi ya gari.) Harding aliambiwa habari ya maradhi yake mwaka 2012, na hakuficha. Waajiri wake walijua, wenziwe walijua, na matibabu yakapangwa pamoja na ratiba ya kazi. Katika mechi ya kwanza aliyoanza baada ya kuambiwa, Januari 2013, hakufungwa hata bao moja, na mwaka huo alipewa tuzo ya Bill Masterton, ambayo hupewa mchezaji mwenye ustahamilivu. Msimu uliofuata alicheza mechi 29, na wastani wa kufungwa ulikuwa bao 1.66 kwa mechi. Lakini ilipofika mwisho wa Disemba 2013 mwili ulikataa, akasimama. Hakurudi tena katika ligi ile. Baadaye akageukia kufundisha vijana ulinzi wa mlango.

Mimi naona huyu alifanya mambo kwa mpango wake unaostahiki. Alisema mapema, akapimwa, akasaidiwa, akafanya kazi kadiri mwili ulivyoruhusu, kisha akaacha ile sehemu isiyowezekana na akabaki na ile inayowezekana. Na mwashi naye anao ujuzi unaobaki hata goti likishindwa.

Sasa nije kwenye nasaha zenyewe. La mwanzo, mtu asiamue akiwa katikati ya shambulio. Wakati huo kila kitu ni kiza, na barua iandikwayo katika kiza ni kama ile niliyoiandika mimi. Ichukuliwe ruhusa ya ugonjwa, shambulio lipite, daktari aone kilichorudi na kisichorudi, ndipo pazungumzwe habari ya kazi. Zipo kazi ambazo hazistahiki kungojewa hata siku moja, nazo ni zile ambazo kosa la nukta moja huua, kama kupanda mkarafuu au mnazi, kuendesha gari la abiria, kushika nyaya za umeme, kupiga mbizi. Mtu anayeona vitu viwili viwili au asiyesikia nyayo zake ashuke leo. Lakini kushuka mtini si kuandika barua ya kuacha kazi. Ni kumwendea msimamizi na kumwambia: kazi hii kwa sasa siiwezi, nipeni nyengine mpaka nipimwe.

Tena, aende kwa daktari na maelezo ya kazi yake yaliyoandikwa. Daktari hajui kwamba anayeitwa "mhudumu" katika karatasi ya mshahara ndiye anayebeba magunia ya kilo 50. Aeleze ananyanyua nini, mara ngapi, juani au kivulini, chini au juu ya ngazi. Na asikubali kujitibu kwa kubahatisha jina la maradhi, kwa sababu ganzi ya miguu huweza kuletwa pia na upungufu wa vitamini B12, na kaswende ya siku nyingi, na kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hayo yana tiba zake kamili.

Hata maltipo sklerosisi yenyewe haiko kama ilivyokuwa. Dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulizi iliruhusiwa Marekani mwaka 1993. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za maradhi haya katika orodha yake ya dawa muhimu, nazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Bei na upatikanaji wake bado ni mtihani mkubwa kwa nchi kama yetu, na sitaki mtu atoke hapa akidhani atazikuta katika duka la mtaani. Hata hivyo, aliyeanza dawa mapema ana matumaini zaidi ya kubakia kazini, na hii ni sababu nyengine ya kutokuficha.

Kwa upande wa wakuu wa kazi, naomba radhi kwa wale ambao watayaona maneno yangu ni makali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, katika kifungu chake cha 27 unalinda haki ya kazi hata ya yule aliyepata ulemavu akiwa tayari yumo kazini, na unataka afanyiwe marekebisho yanayofaa pahala pake pa kazi. Maana yake ni kwamba msimamizi akipokea barua ya mtu wa kazi za mikono inayosema "sababu binafsi", na anajua kuwa mtu huyo amekuwa akianguka, wajibu wake ni kumwita na kumuuliza, kabla ya kupiga muhuri. Mwashi anaweza kuwekwa kusimamia ghala la saruji, kupima kazi za wenziwe, kufundisha wanagenzi. Muuguzi asiyeweza tena kunyanyua wagonjwa anaweza kuwa katika chumba cha chanjo akiwa ameketi.

Na ikiwa hakuna njia ila kuondoka kabisa, aondoke kwa mlango wa afya. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, una mafao kwa mwanachama aliyepata ulemavu. Masharti yake yaulizwe katika Mfuko wenyewe, na yaulizwe kabla ya kutia saini karatasi yoyote, kwani mafao ya namna hiyo hutazama ripoti ya kidaktari, na ripoti iliyoandikwa mtu akiwa bado kazini ni nyepesi kutafutwa kuliko ile inayofukuziwa baada ya jalada kufungwa.

Niseme neno moja kwa ajili ya kinamama. Mkulima wa mwani anayekaa majini na kuvuta kamba zilizolowa hana afisa utumishi wa kumpelekea barua, na akirudi nyumbani kazi nyengine nzito inamngojea kwenye kisima na jikoni. Yeye akiacha mwani huambiwa anapumzika, huku ndoo zile zile anazibeba. Ndugu na waume walio nyumbani ndio mkuu wake wa kazi, na yale niliyoyasema juu ya saa za baridi, kivuli na kugawana mizigo yanawahusu wao.

Jirani yangu, kwa wale watakaotaka kujua, yu hai. Anatembea kwa mkongojo, na asubuhi huenda kwenye majengo ya watoto wa mtaani petu kuwaangalilia kama ukuta umesimama sawa. Wanamlipa wanachojaaliwa. Juu ya barua ile hajanilaumu hata siku moja, na mimi nimeshindwa kuisahau.

Kwa hivyo, mtumishi yeyote anayehitaji kusaidiwa kuandika, mimi nipo chumba cha Habari siku zote za kazi mpaka saa tisa na nusu. Tutaandika barua ya kuomba kupimwa na kubadilishiwa kazi, itaje dalili na tarehe zilipoanza, na nakala moja atabaki nayo mwenyewe nyumbani. Ikiwa ni barua ya kuacha kazi, naomba aje nayo pamoja na karatasi ya daktari.